Jinsi ya Kuusoma Mshipa wa Pegmatiti: Madini, Kemia na Umri

Pegmatiti, mwamba wa fuwele kubwa mithili ya graniti, haipatikani Mombasa. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na ng'ambo ya Changamwe kuna miamba ya tope ya zama za Jura. Ukishika barabara ya Nairobi unapita mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, halafu mawe ya changarawe ya Taru ambayo, ukiyatazama kwa lenzi, yamejaa vipande vya feldispa, madini ya kawaida ya graniti, vilivyobebwa na mito ya kale kutoka bara. Feldispa hiyo inakuonyesha uendako. Kuelekea Mackinnon Road na Maungu ndipo mwamba wa kale wenyewe unapoanza kutokeza: naisi (miamba yenye mistari) za Ukanda wa Msumbiji, zilizokunjwa na kupikwa vilindini mabara ya zamani yalipogongana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Kasigau, Sagalla na milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, yote ni mwamba huo, na pegmatiti zimepenya humo.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mombasa anayetaka kwenda kuukagua mshipa mmoja sawasawa, arudi na sampuli chache zenye maana, na ajue la kuuliza maabara. Tunasisitiza jambo moja kuliko yote: sampuli ambayo haijulikani imetoka sehemu gani ya mshipa haina faida, hata ikipimwa kwa mashine ya mamilioni. Ukingo wa mshipa na kitovu chake vinaweza kutofautiana kuliko mawe mawili ya kaunti mbili. Kwa hiyo daftari kwanza, nyundo baadaye.

Unachokitafuta

Pegmatiti ni ndugu wa graniti. Kwa kawaida ina kwatzi (madini magumu kama kioo), feldispa za aina mbili (ya potasiamu, hasa mikroklini, na ya sodiamu, yaani albaiti) na ulanga. Inatofautiana na graniti kwa ukubwa wa fuwele: sentimita kadhaa ni kawaida, na fuwele za mita nzima zipo duniani. Inatokana na mabaki ya mwisho ya magma (mwamba ulioyeyuka), yale yaliyobaki baada ya sehemu kubwa kuganda, au na kiasi kidogo cha mwamba wa kale kilichoyeyuka. Mabaki hayo hukusanya maji na elementi ambazo fuwele za kawaida zilikataa kuzipokea: lithiamu, beriliamu, boroni, rubidiamu, sesiamu, naiobiamu, tantalamu, florini, fosforasi, urani.

Shuleni tulifunzwa kwamba fuwele kubwa ni dalili ya kupoa polepole. Kwa pegmatiti hilo halisimami. Mshipa wa upana wa mita moja uliopenya mwamba uliokwisha poa hupoteza joto lake kwa siku au wiki, na wa mita kumi kwa miaka michache, kwa sababu muda wa kupoa hukua kwa mraba wa upana. Siri iko kwenye maji, boroni, florini na fosforasi. Vitu hivi huchelewesha kuanza kwa fuwele hata joto likiwa limeshuka chini ya kiwango cha kuganda. Mbegu za fuwele zinakuwa chache, na zile chache zikianza hukua kwa kasi na kufika mbali. Ndiyo maana turmalini nyeusi (madini yenye boroni) kwenye ukingo mara nyingi husimama kama vidole, zote zikielekea ndani: zilianza ukutani zikakimbilia katikati.

Usichanganye pegmatiti na kila kitu cha thamani kinachotoka Taita-Taveta. Tsavoriti, ganeti ya kijani ambayo mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutoka kwenye naisi zenye grafiti. Ukiifuata ndani ya pegmatiti unapoteza muda. Kuna hali moja ya pekee inayofaa kuijua: pegmatiti ikipenya mwamba wenye upungufu wa silika (kitu kinachounda kwatzi), kama serpentini, mwamba huo hunyonya silika yake, na aluminiamu inayobaki hugeuka korundamu, madini ya safaya. Safaya za bonde la Umba, upande wa Tanzania karibu na mpaka, zina asili hiyo. Ukiona mshipa mweupe usio na kwatzi hata chembe ndani ya mwamba wa kijani kibichi au mweusi, simama hapo uangalie kwa makini.

Kabla ya kuondoka

Nenda Januari na Februari au kati ya Juni na Septemba. Mvua za masika hufunika miamba kwa nyasi na kuharibu njia za pikipiki. Kuhusu ruhusa: chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, na kutafuta au kuchimba kunahitaji leseni. Kutazama, kupima na kupiga picha ni jambo jingine, lakini hata hilo lifanye kwa idhini ya mwenye ardhi au kamati ya ranchi, na kama unataka kubeba sampuli uliza kwanza ofisi ya madini. Ndani ya Tsavo Mashariki na Magharibi usiokote hata kokoto.

Vifaa vyote vinapatikana mjini. Nyundo ya kilo moja hadi moja na nusu, tindo mbili za chuma kigumu, miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, lenzi ya mkono ya mara kumi, dira yenye kipimo cha mwinamo, tepu ya mita 30, sumaku (ya spika bovu inatosha), msumari wa inchi nne, na kipande cha kigae cha sakafu ambacho upande wa nyuma haukupakwa rangi ya kung'aa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na kusema kweli haikufaa: mawe huitoboa na jasho la ndani hufuta maandishi. Mpe fundi cherehani mita mbili za marikani akushonee mifuko ya sentimita 20 kwa 30 yenye kamba mdomoni. Ndani ya kila mfuko weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, na juu yake andika namba hiyo hiyo kwa wino usiofutika. Penseli haichuji hata karatasi ikilowa, na kwa unyevu wa Pwani italowa.

Kama hujawahi kuishika feldispa mkononi, anza mazoezi kwa mafundi wanaokata graniti za kaunta za jikoni. Vipande wanavyotupa vina feldispa kubwa, kwatzi na ulanga mweusi, na upande usiosuguliwa unafaa kabisa kujifunzia.

Kazi ya mlimani

Tembea kwanza urefu wote wa mshipa unaoonekana. Mteremko wenye mawe meupe yaliyotapakaa hukudanganya: feldispa huoza ikawa udongo mweupe, ulanga hupeperuka, kwatzi peke yake hubaki. Utadhani mshipa wote ni kwatzi, kumbe umekiona kiini tu, tena kimeporomoka kutoka juu. Chukua vipimo pale ambapo mwamba bado umeshikana na ukuta wake.

Kisha tafuta mpaka kati ya mshipa na naisi, uutazame kwa utulivu, maana hapo ndipo habari ya kwanza ya umri ilipo, na haina gharama. Mshipa ukiikata mistari ya naisi kwa pembe kali na wenyewe haujapinda, umeingia baada ya mkunjo. Ukiwa umekunjwa pamoja na naisi, au umevutwa ukakatika vipande mfano wa soseji, uliingia kabla au wakati wa mkunjo. Mishipa miwili ikikatana, inayokata ndiyo changa. Chora, piga picha yenye kitu cha kipimo, andika. Maabara ikija kukupa umri unaopingana na mchoro wako, mchoro ndio wa kuaminiwa kwanza, kwa sababu namba inaweza kuwa inajibu swali jingine.

Pima mwelekeo na mwinamo wa mpaka. Weka nyundo, simu na ile sumaku mbali, angalau mita mbili, la sivyo dira itavutwa. Kama mwamba wenyeji una magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) nyingi, soma mara mbili, mara ya pili ukiwa umesogea hatua kadhaa.

Sasa nyosha tepu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, ikiuvuka mshipa kwa pembe ya mraba. Anza na sifuri kwenye naisi, andika kila mahali mwamba unapobadilika: umbali, madini, asilimia ya kila moja kwa macho, na ukubwa wa fuwele kubwa kuliko zote. Kwenye mshipa uliopangika vizuri utakutana na tabaka hizi. Ukingoni, sentimita chache za chembe ndogo, mara nyingi kama graniti ya kawaida. Baadaye tabaka la ukuta lenye feldispa, kwatzi na vitabu vya ulanga, ambako huenda ukaona kwatzi imejipanga ndani ya feldispa kama maandishi. Halafu tabaka la kati lenye mapande makubwa ya mikroklini. Mwisho kiini cha kwatzi tupu, nyeupe au ya kijivu. Berili (madini ya beriliamu), ikiwepo, hupenda kukaa pembezoni mwa kiini. Albaiti yenye vibapa vyembamba kama kurasa ni ishara njema kwa anayetafuta lithiamu au tantalamu, maana huja mwishoni pamoja na elementi adimu. Mishipa mingi haina tabaka zote, na ya mlalo mara nyingi upande wa juu haufanani na wa chini. Usilazimishe mshipa ufuate kitabu.

Tazama pia naisi yenyewe, mita moja nje ya mpaka. Ikiwa imejaa sindano nyeusi za turmalini, boroni ilivuja kutoka kwa pegmatiti. Hilo ni jambo la kuandika, kwa sababu kiasi cha boroni kilichobaki ndani ya mshipa si kile kilichoingia.

Sampuli: gramu 200 hadi 500 za mikroklini safi kutoka kila tabaka, gramu 50 za ulanga mweupe kutoka tabaka hizo hizo, na kila chembe nyeusi nzito unayoiona, ikiwa pamoja na mwamba ulioizunguka. Kwa ajili ya zirkoni au monaziti, chembe ndogo zinazopimwa umri, utahitaji kilo 5 hadi 10 za mwamba wa ukingo au ukuta. Mchanga uliooza chini ya mshipa unaweza kuuosha kwa karai ili ujue madini mazito yaliyopo. Usiutumie kwa kupima umri, kwa kuwa mchanga huo umechanganyika na wa naisi ya juu.

Vunja kwatzi ukiwa umeilowesha na umevaa barakoa. Vumbi lake huingia mapafuni na haliondoki, na madhara yake hayaponi. Berili nayo usiisage kavu, kwa sababu ya beriliamu.

Kuyatambua madini nyumbani

Anza na msumari na kipande cha kwatzi. Msumari una ugumu wa kama 5 na nusu: haukwaruzi feldispa (6) wala kwatzi (7), lakini ulanga unachubuka kwa kucha au kwa nguvu kidogo ya msumari. Kwatzi huikwaruza feldispa, na berili (7 na nusu hadi 8) huikwaruza kwatzi. Mvunjiko nao unasema mengi. Feldispa hupasuka kwenye nyuso mbili bapa zinazokutana kwa karibu nyuzi 90, na ukiigeuza juani uso wote unametameta kwa mara moja. Kwatzi haina uso huo, hukatika kwa mabonde laini kama chupa. Turmalini ina michirizi ya urefu na ukiikata kwa kukingama inaonyesha pembetatu yenye pande zilizovimba. Berili ina pande sita zilizo sawa. Kosa la kila siku ni kuita kila kijani zumaridi na kila kijani-samawati akwamarini (zote mbili ni berili): amazonaiti ni feldispa tu ya kijani, rangi yake ikitokana na chembe za risasi na maji zilizopigwa na mnururisho, na mpasuko wake wa nyuzi 90 unaifichua papo hapo.

Kipimo chenye nguvu kuliko vyote, na ambacho watu wengi hukidharau, ni densiti, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo. Unahitaji mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.1, bilauri ya maji, uzi mwembamba na kipande kimoja kisicho na mchanganyiko.

Pima jiwe kavu, tuseme linakuja gramu 84.6. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi, lizamishe lote bila kugusa chini wala pembeni, ulishike likining'inia. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa, tuseme 31.9. Gawanya: 84.6 kwa 31.9 ni 2.65. Hiyo ni kwatzi.

Ukitumia maji ya bahari, jiwe lile lile litasomeka 32.7, na jibu litakuwa 2.59. Sasa umeangukia katikati ya mikroklini (2.56) na albaiti (2.62), na kwatzi yako imegeuka feldispa. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi pia, japo si kama ya bahari, kwa hiyo tumia maji ya kunywa. Zima feni, maana upepo wake unatikisa mizani. Tia tone moja la sabuni ya vyombo ili mapovu yasishikilie jiwe: kila povu linaongeza ujazo wa uongo na kushusha densiti. Jiwe lenye nyufa liloweshe dakika kumi kwanza, kisha ulifute kabla ya kuzamisha. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima itakufaa tu kwa jiwe la gramu 300 au zaidi.

Namba za kulinganisha: berili karibu 2.7, ulanga mweupe 2.8, turmalini nyeusi na spodumeni (madini ya lithiamu) 3.1 hadi 3.2, topazi 3.5, ganeti 3.8 hadi 4.2, ilmenaiti 4.7, magnetaiti 5.2. Kwenye madini meusi mazito mambo hunoga. Kolumbaiti, madini ya naiobiamu na tantalamu, huanza 5.2, na kadiri tantalamu inavyochukua nafasi ya naiobiamu ndivyo uzito unavyopanda, hadi kama 8 kwa tantalaiti. Kwa hiyo bilauri hiyo inakupa makadirio ya tantalamu kabla hujalipa maabara senti moja, mradi kipande ni safi. Magnetaiti itatambulika kwa sumaku: inashikwa kwa nguvu, kolumbaiti inavutwa kidogo tu au haivutwi. Ukiisugua nyuma ya kigae, turmalini nyeusi inaacha weupe au kijivu hafifu, magnetaiti weusi, kolumbaiti weusi au hudhurungi.

Kemia: pima nini, na usipime nini

Kosa linalopoteza pesa nyingi ni kupeleka kilo moja ya pegmatiti ichambuliwe yote kwa pamoja. Ikiwa fuwele ni za sentimita 10, kilo moja haifiki hata fuwele moja nzima. Jibu litakuambia ulipiga wapi kwa nyundo, halitakuambia mshipa una nini. Ili kilo hizo ziwakilishe mwamba ungehitaji mamia. Njia ya busara ni kupima madini ya aina moja moja, kwa sababu mikroklini na ulanga hubeba historia ya magma ndani yake.

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa potasiamu kwa rubidiamu katika mikroklini. Rubidiamu hujificha kwenye nafasi ya potasiamu, na kadiri magma inavyobakia kidogo ndivyo rubidiamu inavyozidi. Maabara huandika potasiamu kama oksidi, kwa hivyo zidisha asilimia hiyo kwa 0.83. Oksidi ya asilimia 12.0 ni potasiamu asilimia 9.96, yaani sehemu 99,600 katika milioni. Ikiwa rubidiamu ni 400, uwiano ni 249: mshipa wa kawaida, wenye kutoa feldispa na ulanga, si zaidi. Ikiwa rubidiamu ni 3,500, uwiano ni 28, na hapo inafaa kutafuta lithiamu, sesiamu na tantalamu kwa bidii. Kati ya hizo mbili soma mwenendo kutoka ukuta hadi kiini: ukishuka kwa haraka, mshipa umejichuja vizuri.

Mashine ya eksirei ya mkononi inapima rubidiamu, naiobiamu na tantalamu vizuri. Lithiamu, beriliamu na boroni haizioni kabisa, ni nyepesi mno. Mtu akikuonyesha karatasi ya mashine hiyo akidai imepata asilimia ya lithiamu, usinunue. Lithiamu ya kweli inapimwa kwa kuyayeyusha madini yote, kwa mfano kwa peroksidi ya sodiamu, kisha kupitisha kimiminika kwenye mashine ya plazma. Waulize maabara wameyeyusha kwa njia gani. Asidi peke yake huacha berili, zirkoni na sehemu ya tantalaiti bila kuguswa, na namba hutoka ndogo kuliko ukweli.

Waulize pia wamesagia kwenye kinu gani. Kinu cha kabaidi ya tangsteni huacha tangsteni na kobalti, na mara nyingine tantalamu, ndani ya unga wako. Kwa pegmatiti hilo ni balaa. Kinu cha akiki kinafaa zaidi. Na usianike sampuli barazani kwenye upepo wa bahari: sodiamu na klorini zitaingia bure.

Pegmatiti zenye elementi adimu hugawanywa katika jamii mbili kwa mpango wa mtaalamu wa pegmatiti Petr Černý. Moja hukusanya lithiamu, sesiamu na tantalamu, na mara nyingi inatokana na mashapo ya kale yaliyoyeyuka: humo kuna spodumeni, lepidolaiti (ulanga wa lithiamu), turmalini za rangi na berili. Ya pili hukusanya naiobiamu, itriamu na florini: humo kuna amazonaiti, topazi na floraiti, huku naiobiamu ikizidi tantalamu. Ukishajua mshipa wako ni wa jamii gani, umejua pia kisichofaa kutafutwa.

Umri

Kwa macho umri haukisiwi. Pegmatiti za kisiwa cha Elba, Italia, zina takriban miaka milioni 7, na ile ya Tanco, Kanada, zaidi ya milioni 2,600, na bado ukiweka mikroklini zao mezani huwezi kuzitofautisha kwa umri.

Saa inayotumika zaidi ni urani kugeuka risasi. Urani-238 hupungua nusu kwa miaka milioni 4,468, urani-235 kwa milioni 704. Kuwa na saa mbili ndani ya chembe moja ndiko kunakotuwezesha kumshika mwongo. Mfano: maabara inakupa uwiano wa risasi-206 kwa urani-238 wa 0.0900. Ongeza 1, tafuta logi asilia ya 1.09, ambayo ni 0.08618, ugawanye kwa 1.55125 × 10⁻¹⁰. Jibu ni miaka milioni 555. Risasi-207 kwa urani-235 ya chembe hiyo inapaswa kuwa karibu 0.728. Saa zote mbili zikikubaliana, umri unasimama. Chembe nyingine ya mshipa huo huo ikitoa 0.0750, saa ya kwanza itasema milioni 466. Ikiwa saa ya pili inasema tofauti, risasi imetoroka, na hiyo 466 si umri wa tukio lolote.

Kutoroka huko ni ugonjwa wa zirkoni za pegmatiti. Zina urani nyingi, na mnururisho wake huvunja mpangilio wa fuwele mpaka inakuwa ya hudhurungi na yenye ukungu, ikipitisha maji. Tatizo la pili ni zirkoni za kurithi: chembe zilizotoka kwenye naisi zikamezwa na magma bila kuyeyuka. Hizo hutoa umri mkubwa kuliko mshipa wenyewe, na saa zote mbili zinaweza kukubaliana vizuri kabisa. Ndiyo maana tunapendelea monaziti, ambayo haivunjiki kirahisi, au kolumbaiti, ambayo imezaliwa na pegmatiti yenyewe na kwa hiyo hairithiwi kwa urahisi. Ukilipia zirkoni, dai picha za ndani za kila chembe kabla ya kupigwa leza.

Ulanga hupimwa kwa potasiamu kugeuka argoni. Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi katika Ukanda wa Msumbiji. Argoni ni gesi. Juu ya nyuzi kama 400 za Selsiasi huvuja kutoka ulanga mweupe, na kwa ulanga mweusi huvuja hadi karibu nyuzi 300. Saa inaanza tu mwamba ukishapoa chini ya hapo. Milima hii ilikuwa vilindini na ilipoa polepole, kwa hiyo umri wa ulanga unaelezea kupoa kwa mlima, si kuingia kwa mshipa, na unaweza kuwa mdogo kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mwanajiolojia Arthur Holmes ndiye aliyeupa ukanda huu jina mwaka 1951, na umri mwingi wa awali ulioizunguka miaka milioni 500 ulikuwa wa kupoa kwa aina hiyo. Kwa hiyo usiandike "pegmatiti ina miaka milioni 500". Andika: ulanga mweupe, potasiamu na argoni, milioni 500, pamoja na kiasi cha shaka walichotoa maabara na tabaka lilikotoka.

Sampuli ikihitaji kwenda nje ya nchi kupimwa, omba kibali cha kusafirisha madini mapema, hata kama ni gramu chache.

Mwisho ni hifadhi. Pegmatiti za milima ya Uluguru, Morogoro, zilitoa uraninaiti (madini ya urani), na mwaka 1906 mwanakemia Willy Marckwald alieleza kutoka huko madini mapya ya manjano yaliyotokana na kuoza kwake, rutherfodini. Jiwe jeusi, zito kupita kiasi, lenye ganda la manjano au la chungwa, lichukulie kuwa la urani hadi lipimwe. Usilisugue, usililambe ili uone rangi yake kama wafanyavyo wengine kwa mawe, nawa mikono kila ukilishika. Litie kwenye kopo lenye kifuniko, uandike juu yake, na uliweke stoo yenye hewa, mbali na chumba wanacholala watu. Gesi ya radoni hukusanyika kwenye kabati iliyofungwa. Uraninaiti hiyo ndiyo pia yenye risasi nyingi ya kupima, kwa hiyo chembe mbili za milimita moja zinatosha kupelekwa maabara, na jiwe lililobaki si la kuanikwa sebuleni.